Ua Kwanza, Mbuzi Baadaye



Mwezi uliopita mwanachama mmoja alifika ofisini na karatasi mkononi. Ni mkata miwa, mtu wa miaka mingi kazini. Karatasi ilisema kwamba mbuzi wake 3 wamekamatwa ndani ya miwa michanga, na kwamba hasara itakatwa katika mshahara wake. Alitakiwa kutia sahihi siku ileile. Nikamwuliza mbuzi walitokaje. Akajibu, "Ndugu Katibu, hata mimi sielewi. Ua ninao. Nyuzi 4 za seng'enge, tena mpya kabisa."

Shauri hilo bado liko mikononi mwetu, kwa hiyo sitalieleza zaidi. Nasema neno moja tu: usitie sahihi karatasi yoyote ya makato kabla mwakilishi wako hajaisoma. Lakini lile jibu la nyuzi 4 ndilo limenifanya nishike kalamu, maana nami nilifanya kosa hilohilo.

Mwaka 2011 nilitoa akiba yangu katika chama cha akiba na mkopo nikanunua mbuzi 6. Kibanja changu kiko Busoga, ni kidogo, nacho kimepakana na shamba la mama mjane. Nilichimbia nguzo, nikafunga nyuzi 4 za seng'enge kama nilivyoona kwa wenye ng'ombe, nikajisifu. Siku ya pili jioni mbuzi wote walikuwa ndani ya maharagwe ya yule mama. Jike mmoja alikuwa amepasuka kiwele kwa miiba ya waya, na hakunyonyesha tena. Maharagwe nililipa. Lakini mama yule hakumsalimu mke wangu mpaka msimu ukaisha, na hilo halina malipo.

Seng'enge imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe akichomwa hurudi nyuma. Mbuzi huanza kwa kuchungulia, hasa chini. Akipata mahali kichwa kinapita, mabega yatafuata, na miiba ikimkwaruza atasonga mbele kuliko kurudi. Mtoto wa mbuzi hana hata haja ya kusukuma, anapita tu. Ukitaka seng'enge imzuie mbuzi, nyuzi za chini lazima ziachane inchi 4 tu, za juu inchi 6 au 7, hata ua ufike futi 4. Hizo ni nyuzi 8 au 9, si 4.

Sasa tupige hesabu. Robo eka iliyo mraba ina futi 104 na kitu kila upande, yaani kuizunguka ni futi 417 hivi. Nyuzi 8 ni zaidi ya futi 3,300, ambazo ni zaidi ya mita 1,000 za waya. Na robo eka hiyohiyo ikiwa ni kipande chembamba cha futi 50 kwa 218, kuizunguka kunakuwa futi 536. Ardhi ni ileile, lakini waya umeongezeka zaidi ya robo. Ndiyo sababu nasema pima kwa kamba kabla ya kwenda dukani, na ukiweza, fanya ua wa mbuzi uwe mraba.

Dukani napo kuna mambo. Waya huuzwa kwa roli, na wengi wetu huuliza bei ya roli tu. Uliza urefu wake kwa mita, na uliza geji. Geji ikiwa na namba kubwa, waya ni mwembamba: waya wa geji 16 ni mwembamba kuliko wa geji 12 na nusu. Roli mbili zinaweza kuwa na uzito mmoja, moja ikawa ndefu zaidi kwa sababu waya wake ni mwembamba, nawe ukafurahia urefu mpaka siku dume litakapouegemea.

Baada ya seng'enge nilijaribu waya wa kuku kwa sababu ni rahisi. Msiujaribu. Mbuzi hupenda kusimama kwa miguu ya nyuma na kuweka ya mbele juu ya ua ili afikie majani. Waya wa kuku ulilala chini kabla mvua hazijaisha, na uliobaki uliliwa na kutu.

Waya unaomfaa mbuzi ni ule uliosukwa kama wavu, wenye matundu madogo chini. Lakini angalia matundu hayo. Yakiwa ya inchi 6 hivi, mbuzi mwenye pembe hupitisha kichwa kufuata jani upande wa pili, kisha pembe zinamnasa asiweze kurudi. Atakaa hapo juani mpaka mtu amwone, au mbwa wamwone kwanza. Ya inchi 4 au chini yake ni salama zaidi. Cheni linki nayo ni nzuri, lakini bei yake inauma, na bila kupitisha waya mnene uliokazwa juu na chini italegea, na watoto wa mbuzi watapita chini yake.

Wengine watasema: kwa nini taabu yote hii, si nimfunge kamba? Kamba inafaa kwa saa chache ukiwa karibu. Mbuzi aliyefungwa nawe uko zamu ya mchana hana ulinzi. Mbwa wakija hawezi kukimbia, na kamba ikizunguka kisiki inaweza kumnyonga. Tena akila mahali pamoja kila siku anameza minyoo iliyotoka katika mavi yake mwenyewe.

Kuhusu nguzo nitakaa kidogo, maana ua mwingi hauanguki kwa sababu ya waya. Huanguka kwenye kona. Nguzo ya kona inavutwa pande mbili mchana na usiku. Iwe nene kuliko nyingine, izame futi 3, na uiwekee mwegamo kila upande unaotoka waya. Za katikati zizame futi 2, ziachane futi 8 hadi 10. Mkaratusi mbichi ukichimbiwa hivihivi mchwa watakushukuru. Afadhali ununue uliotiwa dawa kiwandani, angalau kwa zile kona 4 na mlango.

Kuna nguzo ambayo mchwa hawaitaki, nayo ni nguzo iliyo hai. Wazee wa Buganda walijua zamani kwamba tawi nene la mutuba, ule mti wa nguo za magome, likichimbiwa wakati wa mvua linashika mizizi. Majani yake mbuzi anakula. Lakini atakula na gome la mti mchanga, kwa hiyo uzungushie miiba mpaka ukomae. Na usiufunge waya kuuzunguka mti. Mti utanenepa na waya utaukata. Pigilia kwa msumari.

Asiye na fedha ya waya apande nkoni, ambayo kwa Kiswahili ni mnyaa. Kata vijiti vya futi 2 au 3, viache kivulini siku chache utomvu ukauke, kisha panda mvua zinapoanza, visiachane zaidi ya shubiri moja. Mbuzi kwa kawaida hawaugusi. Utangoja miaka 2 au 3 mpaka ufunge vizuri, nawe uukate juu kila mara, la sivyo utakimbilia mbinguni na kuacha mlango wazi chini. Hadhari kubwa ni ule utomvu mweupe. Ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kumfanya mtu asione. Watoto wasikate nkoni. Ukikurukia, osha jicho kwa maji mengi mara moja, kisha nenda zahanati.

Kaliandra pia ni mmea mzuri, ila wapo wanaoupanda uwe ua. Huo ni chakula, mbuzi ataumaliza ua wake mwenyewe. Upande mbali kidogo, ukate, umpelekee.

Basi mimi nilimalizia wapi? Niliacha kuzungushia kibanja kizima. Nilijenga banda la sakafu ya vijiti iliyoinuliwa, nafasi kati ya kijiti na kijiti kama nusu inchi, mavi yapite na kwato isipite. Kila mbuzi mkubwa nilimpa nafasi ya futi 4 kwa 4. Mbele ya banda nikaweka kiwanja kidogo chenye wavu mzuri, na mpakani na yule mama nikapanda nkoni. Majani nawaletea. Ua mdogo wenye nguvu ulinigharimu chini ya ule mkubwa wa ovyo, ukihesabu na maharagwe.

Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mwite jirani na mwenyekiti wa LC1 muutembelee mpaka pamoja, kisha weka ua ndani ya mstari wako. Anayeishi katika nyumba za kampuni amwulize kwanza mwakilishi mkataba wetu unasemaje juu ya mifugo kambini.

Wanachama walio karibu na Busoga wanaotaka vijiti vya nkoni, vipo kwangu, bure. Njooni Jumapili baada ya ibada, na panga na nguo kuukuu. Watoto waacheni nyumbani.