Faida za Kukanda Mwili Uliochoka

Nataka kuwaeleza wanafunzi wa sasa, na wenzangu tuliokwisha kuondoka shuleni, juu ya jambo ambalo watu wengi hulifanya lakini wachache hujua sababu yake. Jambo lenyewe ni kukanda mwili.

Nitaanza na yaliyonipata mwenyewe. Mwaka wangu wa kidato cha nne ulikuwa mwaka wa taabu. Mtihani ulikaribia, nami nilijua kwamba nikianguka nyumbani hapana karo ya kunirudisha tena darasani. Basi nikawa nasoma usiku kwa tochi chini ya blanketi, hata kengele ya asubuhi ikinikuta macho. Baada ya majuma machache shingo ikawa ngumu kama mpini wa jembe, kichwa kikauma tangu alfajiri, na hata nilipotaka kulala usingizi haukuja. Nilisoma ukurasa mmoja mara tatu nisikumbuke neno. Nikaanza kuamini kwamba sina akili, na likizo fupi ilipofika nilifunga sanduku langu kwa nia ya kutorudi.

Nyumbani kwetu Jinja nilimkuta bibi yangu mzaa mama, mtu wa Mombasa, amekuja kututembelea. Nilimwamkia shikamoo, naye kabla ya kumaliza kuitikia marahaba akanitazama. Aliona kwamba sikugeuza kichwa peke yake, bali niligeuka mwili mzima kama mtu aliyebeba mtungi. Akasema, “Mjukuu wangu, keti hapa chini.” Akapasha mafuta ya nazi, akayapaka mikononi, akaanza kunikanda mabega, shingo na mgongo, polepole, muda wa nusu saa hivi. Kazi hiyo ameijua tangu ujana wake, kwa maana ndiye aliyeitwa na majirani kuwakanda wanawake waliojifungua katika zile siku arobaini. Alipomaliza nililala tangu alasiri hata alfajiri. Asubuhi nilitaka kumshukuru, akanikatiza: “Mikono yangu imekufungulia mlango tu. Kuingia ni kazi yako. Lala kila usiku.”

Nilirudi shuleni, nikautupa mchezo wa tochi, nikafaulu. Baadaye nilijifunza kazi ya kutibu viungo, nayo ndiyo kazi yangu hata leo. Huko ndiko nilikopata kuelewa bibi alifanya nini.

Kwanza tujue mkazo ni kitu gani. Daktari Walter Cannon, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1915 kwamba mwili ukiona hatari hujitayarisha kupigana au kukimbia. Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Mtu akishtuka, tezi hizo humwaga ndani ya damu maji yaitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, damu hupungua tumboni ikaenda katika misuli, na misuli yenyewe hukaza tayari kwa kazi. Kwa mtu aliyekutana na nyati njiani, matayarisho hayo ni neema kubwa.

Mwaka 1936, Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal katika nchi ya Kanada, alitoa habari za majaribio yake juu ya panya. Aliwatia katika taabu mbalimbali: baridi, majeraha, kazi ya kupita kiasi na sumu. Taabu zilikuwa nyingi, lakini miili yao ilijibu kwa namna moja. Tezi zile za juu ya figo zilivimba, na tumbo likapata vidonda. Hapo ndipo watu walipoanza kufahamu kwamba mwili una njia moja ya kuipokea dhiki, hata ikiwa dhiki yenyewe ni ya namna gani.

Sasa, ndugu msomaji, fikiri juu ya mtihani. Mtihani si nyati. Huwezi kuupiga ngumi wala kuukimbia. Lakini mwili haujui tofauti hiyo. Hukaza misuli na kungoja vita isiyokuja. Nyati hupita kwa dakika chache, bali mtihani hukaa mawazoni miezi mitatu. Misuli ya mabega na shingo isipolegezwa huuma, maumivu huzuia usingizi, na kukosa usingizi huongeza wasiwasi. Wasiwasi nao huikaza misuli tena. Ndiyo duara niliyozunguka mimi chini ya blanketi.

Mkono wa mkandaji huikata duara hiyo. Mwili una mishipa ya fahamu ya namna mbili inayoendesha moyo, mapafu na tumbo pasipo sisi kuamuru: moja huamsha, nyingine hutuliza. Mtu akikandwa vizuri, ile ya kutuliza hupata nguvu. Moyo hupunguza mwendo na pumzi huwa ndefu. Tena wataalamu wa Sweden wamegundua kwamba katika ngozi yenye vinyweleo, kama ya mgongo na ya mkono, mna nyuzi nyembamba za fahamu ambazo kazi yake hasa ni kupokea mguso wa upole. Katika uchunguzi waliotangaza mwaka 2009 walionyesha kwamba nyuzi hizo huitika zaidi mkono unapopita kwa mwendo wa sentimita 1 hata 10 kwa sekunde. Ukipita mbio kuliko hapo, au ukikokota mno, huitika kidogo. Chukueni rula zenu za sentimita 30: mkono uipite kwa sekunde kama 10. Bibi yangu hakuwa na rula wala saa, lakini huo ndio uliokuwa mwendo wake. Waliosema polepole ndio mwendo hawakukosea.

Huko Ulaya kazi hii iliwekwa katika utaratibu wa shule katika karne ya 19. Watu wengi humsifu Pehr Henrik Ling, aliyeanzisha chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813, na hata leo kukanda kwa namna ile huitwa kwa jina la Sweden. Lakini aliyezipanga na kuzieneza zile namna za kupapasa, kufinyanga na kupigapiga alikuwa daktari wa Uholanzi, Johan Georg Mezger. Wasweden walipewa sifa, Mholanzi akafanya kazi.

Je, faida yake imepimwa? Ndiyo. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walikusanya matokeo ya majaribio 37. Waliona kwamba kukandwa hata mara moja hupunguza wasiwasi wa wakati ule, mapigo ya moyo na nguvu ya msukumo wa damu, na kwamba aliyekandwa mara nyingi hupata nafuu kubwa zaidi ya wasiwasi na huzuni. Walakini hawakuona kwamba kukandwa mara moja kunashusha kortisoli, ambayo ni maji mengine ya tezi zile za juu ya figo, ijapokuwa wakandaji wengi husema hivyo.

Wanamichezo nao wasikie hili. Walimu wengi wa michezo husema kwamba kukanda hukamua asidi iliyobaki ndani ya misuli. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwaendesha vijana 11 baiskeli mpaka wakachoka kabisa, kisha wakawakanda mguu mmoja dakika 10 na kuuacha wa pili. Wakatoa vipande vidogo vya nyama kutoka miguu yote miwili, wakavipima. Asidi haikuonyesha tofauti yo yote. Bali katika mguu uliokandwa dalili za uvimbe wa ndani zilikuwa zimepungua, na chembe za msuli zilionyesha dalili za kujitengeneza. Basi faida ipo, ila sababu si ile tuliyoambiwa uwanjani.

Sasa nikiri kosa langu, lipate kuwa onyo. Niliporudi shuleni nilijiona mganga. Rafiki yangu mmoja wa bwenini aliumia kifundo cha mguu katika mpira, nami nikamwambia, “Ameteguka tu huyu, mleteni.” Nikamkanda kwa nguvu huku akilia, na wenzetu wamemshika. Kesho yake mguu ulikuwa kama mto wa kulalia. Picha ya hospitali ikaonyesha kwamba mfupa umevunjika. Alitembea kwa magongo majuma sita, hakucheza tena muhula ule, wala hakunilaumu hata mara moja. Ningependa angenilaumu.

Kwa hiyo shikeni haya. Usikande kiungo kilichoumia upya na kuvimba, wala penye kidonda, wala mtu mwenye homa. Usiguse mbele ya shingo, usibonyeze uti wa mgongo, na tumbo la mwanamke mwenye mimba waachie wenye ujuzi. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma nyuma ya goti, mpeleke mtu kwa daktari upesi. Pengine damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge lake likisukumwa laweza kufika mapafuni na kumwua.

Palipo salama, kazi ni nyepesi. Mwulize mwenzako kwanza kama anapenda, maana mwili ni wake. Aketi, aegemeze kichaka cha uso juu ya mikono mezani. Pasha mikono yako moto kwa kuisugua. Ukiwa na mafuta ya nazi, au ya ufuta ambayo hapa Uganda twayaita simsim, ni vizuri, lakini hata juu ya shati yafaa. Anza kupapasa mabega, kisha finya nyama kati ya shingo na bega kwa kiganja, na umalize kwa kupapasa tena. Akisema inauma, punguza. Dakika 10 zatosha.

Kisha mwambie alale. Kukanda hakumfundishi mtu hesabu, hakulipi karo, wala hakushiki nafasi ya usingizi na chakula. Kwa wewe uliye kidato cha nne sasa, ambaye shingo imekukaza na sanduku umekwisha kulifunga moyoni, nasema hivi: huenda akili yako ni nzima kabisa, na kilichochoka ni mwili. Zima tochi. Mwombe mwenzako akukande mabega, nawe kesho umkande yeye.