Mkongwe Kwenye Mizani

Mchanaji aliyeanza enzi za kaseti akitoa albamu mpya, hukumu hupita haraka: "Siyo yule wa zamani." Utaisikia kijiweni kwa bodaboda pale Picha ya Ndege, Kibaha, na wanaoitamka zaidi ni wale waliokuwa vijana pamoja naye. Aghalabu wanachopima ni miaka yao wenyewe. Albamu bado haijaguswa.

Tumtazame mchanaji Profesa Jay, yaani Joseph Haule, maana kazi zake zilifuatana kwa karibu. Akiwa na kundi la Hard Blasters alitoa Funga Kazi mwaka 2000. Kisha akasimama peke yake: Machozi Jasho na Damu 2001, Mapinduzi Halisi 2003, J.O.S.E.P.H 2006, Aluta Continua 2007. Kila moja ipimwe kwanza na iliyoitangulia.

Swali langu la kwanza ni hili: anayesema ndani ya wimbo amesimama wapi? Katika "Ndio Mzee" Jay anajivika sauti ya mgombea anayemwaga ahadi huku umati ukiitikia. Raia anamwiga mkubwa, na kadiri ahadi zinavyovimba ndivyo msikilizaji anavyomtambua mtu wa jimboni kwake. Ukija kwenye "Nikusaidieje", wa kipindi cha J.O.S.E.P.H, anayesema ni staa mwenyewe, kazungukwa na wenye shida wanaoamini umaarufu ni pesa. Makali ya kejeli yamepungua, lakini umeingia uchovu wa mtu anayeombwa na kila mmoja, jambo ambalo chipukizi asingeliandika kwa sababu hajalipitia. Anayetafuta "Ndio Mzee" humo atakosa nyimbo zote mbili.

Mwaka 2015 Jay akachaguliwa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya Chadema, akakaa bungeni hadi 2020. Hapo "Ndio Mzee" ukabadilika masikioni bila neno lake hata moja kuguswa, maana mwigaji naye kawa mheshimiwa. Mkongwe wa namna hii nambana: ana ujasiri wa kuandika aliyoyaona akiwa ndani, au anaendelea kuchana kana kwamba hajawahi kushika cheo?

Halafu kuna sauti. Pumzi hupungua na umri. Mwandishi mzuri hufupisha mistari, akaacha nafasi, na kina kikaangukia panapouma. Asiyekubali hilo hukimbizana na biti za vijana, akasikika anahema. Kiitikio cha kuimba, hata hivyo, kisihesabiwe dhambi. Wanaosema wakongwe wameuza hip hop kwa waimbaji wamesahau kwamba Juma Nature alishasikika kwenye "Zali la Mentali" wa Jay.

La mwisho ni muda. Kaseti ilikuwa na upande A na B, na kuruka wimbo kulikuwa kazi, kwa hiyo nyimbo zisizopigwa redioni zilituingia polepole. Leo mtu anapanda daladala Picha ya Ndege na simu yake, na kabla hajafika Mbezi keshahukumu nyimbo zote. Mimi huirudia albamu hadi nijaribu kusema kwa kichwa ubeti wa pili wa wimbo ambao hakuna redio iliyouchagua. Nikiambulia kiitikio tu, tena baada ya kusikiliza vya kutosha, ndipo naandika kwamba kalamu yake imeshuka.