Nilivyopunguzwa kazi ya uchawi

NILIKUWA mchawi kwa karibu miaka sita na mke wangu alikuwa anajua. Usishtuke msomaji, wala usikimbilie kunitafutia mganga. Mwenzenu sikuruka na ungo. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba cha kupanga huko Uingereza, blanketi mabegani, kompyuta mbele yangu, nikitoka kwenye kibarua cha kubeba maboksi ghalani. Mwaka ulikuwa 2005.

Gemu lenyewe linaitwa World of Warcraft. Lilianza Marekani Novemba 2004, likaingia Ulaya Februari 2005. Watu wa kila nchi wanakutana humo kwa njia ya intaneti, kila mmoja na mhusika wake, na kabla hujaanza unachagua fani. Wakati ule fani zilikuwa 9. Kuna askari wa kubeba ngao, kasisi wa kuponya, mwindaji na mnyama wake, jambazi wa visu, bwana mazingaombwe ambaye anatengeneza maji na mikate ya kugawia wenzake, na kadhalika. Mimi nikaona liwalo na liwe, nikachagua mchawi.

Jamani, kazi ya mchawi ilikuwa ngumu! Adui akikaribia kukata roho unamnyonya, roho inageuka kuwa kijiwe kinachoingia kwenye begi lako, na kila kimoja kinachukua nafasi yake. Ukitaka kuita jini kubwa, toa roho. Kumtengenezea mwenzako jiwe la kujitibu, toa roho. Basi siku ya vita kubwa, ile ya watu 40 kwa mkupuo mmoja, nilikuwa natangulia mapema kwenda kukusanya. Mke wangu akiita kwamba ugali unapoa, mimi namjibu, "Bado roho kumi tu mama!" Jirani wa ukuta wa pili angekuwa anajua Kiswahili angeita polisi.

Lakini raha ilikuwa kwenye kuvuta watu. Mtu yuko bara jingine la humo gemuni, safari ya dakika ishirini, nyie mko mlangoni mwa pango mnamsubiri. Mchawi na wasaidizi wawili wanafungua mlango wa kichawi, jamaa anatokea hapo hapo. Kwa hiyo kila jioni nikiingia tu, ujumbe unaanza: "Mchawi, uko wapi?" Kule ghalani, bwana, hata jina langu walikuwa hawalijui vizuri, wananiita "wewe". Huku watu 39 hawaanzi mpaka mimi nifike. Wewe ungeacha?

Kasisi wetu alikuwa kijana wa Poland. Kila nikimvuta ananiletea salamu za nyumbani kwake, theluji imefika wapi, mama yake anaendeleaje. Tulikuwa tunasubiri watu, na katika kusubiri ndipo tunapiga soga.

Baadaye wakaanza kunipunguzia kazi, kidogo kidogo, kama viwanda vinavyofanya. Kwanza mawe yaliyokuwa mlangoni mwa mapango yakapewa uwezo wa kuvuta watu bila mchawi. Desemba 2009 ikaja mashine ya kukusanya wageni watano wasiojuana na kuwatupa moja kwa moja ndani ya pango. Oktoba 2010 roho za kwenye begi zikafutwa, zikabaki tatu za kuhesabu pembeni mwa skrini. Mwindaji naye akaambiwa mishale haiishi tena. Pointi za vipaji, ambazo mchezaji wa ngazi ya 60 alikuwa nazo 51 azigawe anavyotaka, zikabanwa mwaka huo huo, na 2012 zikaondolewa kabisa, ukawa unachagua kimoja kati ya vitatu, mara sita, basi.

Wakongwe walilia sana. Eti fani zote zimekuwa uji mmoja, eti gemu la watoto. Na mimi nililia nao.

Sasa nitoboe siri ambayo wakongwe wenzangu hawapendi isemwe. Uchawi wetu ule wa zamani, tulipoingia vitani, ulikuwa wa kitufe kimoja! Kweli kabisa. Bosi alikuwa na nafasi chache za kubebea laana na sumu, mwanzoni 8 na baadaye 16, na watu tuko 40. Wakubwa wa kundi wanakukataza kumwaga sumu zako, unapewa laana moja ya kutunza, zaidi ya hapo ni kurusha kombora la giza, tena, tena, tena. Ningeweza kuweka kopo la maharage juu ya kitufe nikaenda kuoga. Hata zile pointi 51 wengi tulikuwa tunanakili kwa mwenzetu. Mchawi wa miaka ya baadaye alikuwa na vitufe vingi vya kubonya kuliko mimi, wala si uongo.

Kwa hiyo kilichorahisishwa si vidole. Vidole vilikuwa rahisi toka zamani. Kilichoondolewa ni zile shida ndogondogo ambazo ukizipata lazima umwite fulani, na fulani akiitwa anajiona mtu.

Nisiwe mkali lakini. Mwaka 2022 walirudisha miti ya vipaji, mikubwa kuliko ya zamani. Na Juni 2025 wakaleta msaada wa kitufe kimoja: unabonya hicho hicho, gemu linakuchagulia pigo, ila linakucheleweshea kidogo kama ushuru. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, manake kuna watu viganja vyao vinauma, na vyangu baada ya yale maboksi vimeanza.

Mwanangu anacheza hivyo. Majuzi nilisimama nyuma yake nikatazama. Mashine ikamtafutia wenzake wanne, pango likafunguka, wakaua mabosi wote wakamaliza. Mahesabu yangu ni kama dakika kumi na tano. Hakuna aliyeandika hata "habari".

Mimi yule Mpoland ninaye kwenye simu mpaka leo. Nilipofiwa na mama, alipiga simu kabla ya baadhi ya ndugu zangu.

Nikamuuliza mtoto, "Yule aliyekuwa anakuponya ni nani, wa nchi gani?"

"Sijui, baba. Ameshaondoka." Akabonya kutafuta pango jingine.