Galaxy S9 ama iPad ya 2018? Chanuka kabla hujatoa doo

Ukipita Luthuli Avenue ama Moi Avenue pale Nairobi, utaona vile maduka yamejaa simu na tableti za ex-UK. Zimepanguswa zikang'aa, ziko kwa kikaratasi cha plastiki, na muuzaji ashaanza kukuita "bro" ama "siz" kabla hujauliza bei. Kati ya hizo, kuna mbili ambazo huchanganya watu sana: Samsung Galaxy S9 na ile iPad ya kizazi cha sita. Zote ni za 2018. Zote zina jina kubwa. Na mtu akiwa na doo ya kununua moja tu, hapo ndio kichwa huanza kuuma.

Mzazi anataka kitu mtoi atasomea. Kijana ameitwa campo anataka kitu cha kufungua noti. Mama mboga anataka kitu cha kushikilia biashara. Wote wanauliza swali moja: nichukue simu kali ya zamani ama tableti kali ya zamani? Wacha tuivunje polepole, juu ukikosea hapa hurudishiwi pesa.

Zilitoka mwezi mmoja, lakini sio ndugu

Galaxy S9 ilianza kuuzwa Machi 16, 2018. iPad ya kizazi cha sita ilizinduliwa Machi 27, 2018, siku kumi na moja baadaye, ndani ya shule ya upili huko Chicago. Hiyo ya shule sio bahati. Apple walikuwa wanalenga wanafunzi, ndio maana iPad hiyo ilikuja na bei ya dola 329 kule Marekani, na dola 299 kwa shule. S9 nayo ilikuwa simu ya mabosi: kama dola 720.

Kwa hivyo dukani leo unaangalia kitu kilichokuwa cha juu kabisa, kando ya kitu kilichotengenezwa kiwe cha bei nafuu tangu mwanzo. S9 ina RAM ya GB 4, iPad ina GB 2. S9 inaanza na nafasi ya GB 64 na unaweza kuongeza memori kadi. iPad inaanza na GB 32 na hakuna mahali pa memori kadi. Ukinunua ile ya GB 32, mfumo wenyewe umeshakula sehemu nzuri, zinazobaki utazipigania na video za mtoi. Kama ni iPad, tafuta ya GB 128.

Kamera hata tusibishane. S9 iko na kamera ya megapikseli 12 ambayo tundu lake hufunguka na kujibana kulingana na mwangaza, so picha za usiku bado zinatoka fiti. iPad ina megapikseli 8 nyuma, bila flashi, na ile ya mbele ni megapikseli 1.2. Ukiwa na biashara ya kupiga picha za nguo upost, ushajua uelekee wapi.

Swali la kwanza ni M-Pesa, sio kioo

Hii ndio sehemu watu husahau wakiona kioo kikubwa. Kenya, simu ni wallet. Unapokea mshahara hapo, unalipa fare hapo, unatuma za chama hapo. iPad haina hiyo kazi. Hata ile ya kuweka laini, laini yake ni ya intaneti tu. Haipigi simu ya kawaida, haifungui *334#, na ile meseji ya kuweka PIN ukilipa dukani haiji hapo.

WhatsApp nayo? Ilifika kwa iPad rasmi mwaka wa 2025, lakini inakaa kama mgeni: akaunti yenyewe lazima iwe kwa simu, halafu uiunganishe na iPad. Hiyo simu ikikaa siku 14 bila kufungua WhatsApp, iPad inatolewa nje. Kwa hivyo ile plani ya "nitabaki na mulika mwizi ya M-Pesa halafu ninunue iPad ya mambo mengine" ina shimo. Mulika mwizi itakupa M-Pesa na simu, sawa, lakini haitakubebea WhatsApp ya iPad, na nyingi haziwezi kuwasha hotspot. iPad nyingi za mtumba ni za Wi-Fi pekee, maana yake kila siku utakuwa unaomba mtu hotspot. Bando za wenyewe huchosha urafiki.

Jibu la hapa ni rahisi: kama hiki ndicho kifaa chako cha pekee, chukua simu. Hakuna maneno mengi.

Macho yako yanataka nini?

Sasa tuipe iPad haki yake. Kioo chake ni inchi 9.7, S9 ni inchi 5.8. Ukifungua PDF ya kurasa 200 kwa simu, unavuta, unakuza, unarudi nyuma, mwisho unaiacha. Kwa iPad ukurasa mzima unaonekana kama kitabu. Kwa mtoto anayesoma, kwa mtu wa campo, hiyo tofauti ni kubwa kuliko namba zote za kamera. Pia hiyo ndiyo ilikuwa iPad ya kwanza ya bei ya chini kukubali kalamu ya Apple, so mtu anaweza kuandika hesabu na kuchora juu ya kioo. Kalamu yenyewe inauzwa kando, usidanganywe iko ndani.

Kioo cha S9 ni kizuri zaidi kwa rangi, ni AMOLED. Shida ya AMOLED iliyozeeka ni kuungua: unapata kivuli cha kibodi ama cha alama za juu kimebaki kwa kioo hata ukiangalia video. Kioo cha iPad ni LCD, hakina hiyo tabia.

Kikivunjika je? S9 kioo chake kimepinda pande zote mbili na kimeshikana na kile cha ndani, so kawaida unabadilisha chote. Hapo fundi anaweza kukutajia bei inayokaribia simu yenyewe. iPad hii, glasi ya juu na kioo cha ndani ni vitu viwili tofauti. Glasi ikipasuka na picha bado iko poa, fundi mzuri anabadilisha glasi peke yake.

Nani alitupwa mapema?

Kifaa cha zamani mara nyingi hakifi mwili. Kinakufa siku kampuni inaacha kukitumia apdeti.

S9 ilitoka na Android 8 na ikaishia Android 10. Mwaka wa 2022 Samsung wakaacha kuitumia hata apdeti za usalama. Bado inafanya kazi, apu nyingi bado zinaingia, lakini mashimo mapya ya usalama hayazibwi. Ukitumia hii simu kwa mambo ya benki, usiweke apu za kutoka kwa link za WhatsApp, usibonyeze kila kitu, na usiache PIN yako imeandikwa kwa notes.

iPad yenyewe ilifika iPadOS 17, halafu ikakataliwa kwenye iPadOS 18. Lakini hata baada ya hapo iliendelea kupokea viraka vya usalama hadi ndani ya 2025. Yaani ile iliyokuwa nusu ya bei ndiyo ilihudumiwa muda mrefu zaidi. Kwa mtoto anayeingia intaneti kila siku, hiyo ni pointi ya maana.

Betri

S9 ina betri ya mAh 3,000. Hata ikiwa mpya haikuwa simu ya kusifiwa kwa chaji. Sasa imekaa miaka mingi, na betri za lithiamu huchoka hata zikikaa tu kwa droo. Tarajia kubadilisha, na uweke hiyo gharama kwa bajeti kabla hujalipa. iPad ina betri yenye nguvu karibu mara tatu ya hiyo. Ikiwa mpya Apple walisema inaenda hadi saa 10. Iliyozeeka haitafika hapo, lakini huwa inavumilia kuliko simu kwa sababu watu wengi hawaitumii asubuhi hadi usiku. Ubaya ni kwamba iPad hii haikuonyeshi asilimia ya afya ya betri kama vile iPhone hufanya. Pia kubadilisha betri yake ni kazi ngumu, imegundishwa ndani.

Kufuli: hapa ndipo watu hulia

Sikiliza hii sehemu vizuri. iPad ikiwa bado imefungwa kwa akaunti ya iCloud ya mwenye alikuwa nayo, hakuna fundi wa mtaa atakuokoa. Inabaki kuwa sahani ya kukatia nyanya.

Kuna kufuli nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwa sababu iPad hii iliuzwa sana kwa shule na makampuni, zingine zinafika huku zikiwa bado zimesajiliwa huko zilikotoka. Ukiifuta na kuiwasha upya na intaneti, inakuandikia "Remote Management". Hapo maana yake kuna ofisi ama shule mahali inaweza kuzuia apu, kuifunga ama kuifuta. Muuzaji akikuambia "hiyo si shida, iruke tu," mshukuru, uende duka lingine.

S9 nayo ina ya kwake: ikifutwa kwa njia ya mkato, inaweza kuitisha akaunti ya Google ya mwenyewe wa zamani. Na zile zilizotoka kwa mitandao ya Marekani zinaweza kukataa laini ya hapa kabisa.

Cheki hivi kabla hujalipa

Kwa S9: weka laini yako, piga simu, fungua *334# uone M-Pesa inakuja. Bonyeza *#06# ulinganishe namba ya IMEI na ile iko kwa settings. Halafu bonyeza *#0*#. Kwa S9 nyingi inakufungulia menyu ya kujaribu kioo, spika na kamera. Weka rangi nyekundu, kijani na bluu kioo kizima, ukiona vivuli vya herufi, hiyo imeungua. Usidanganyike na hadithi ya kwamba haiingii maji. Ilikuwa hivyo ikiwa mpya. Ikishafunguliwa na fundi, hiyo ahadi imeisha.

Kwa iPad: itisha ifutwe mbele yako, iwashwe upya kwa Wi-Fi, na uingize akaunti yako hadi ufike mwisho. Usikubali ile iliyowashwa tayari na apu zikiwa ndani. iPad ya Wi-Fi haina IMEI, so cheki serial namba ya kifaa kwa settings na ile imeandikwa nyuma zifanane. Iweke juu ya meza uiangalie kando kando: kioo kikiwa kimeinuka upande mmoja, betri imefura, achana nayo. Chora mstari kwa kidole kutoka kona hadi kona, usikatike.

Kwa zote mbili, itisha risiti iliyoandikwa namba ya kifaa na siku za garantii. Muuzaji akikataa kuandika, ashakujibu.

Basi nani achukue gani?

Kama huna simu ya maana, chukua S9, weka pesa ya betri kando, na uitumie kwa akili. Kama nyumbani tayari kuna simu yenye hotspot na M-Pesa, na mahitaji ni kusoma, chukua iPad ya GB 128. Usimnunulie mwanafunzi simu ya kamera kali ukitarajia asome PDF, na usimnunulie mtu wa biashara tableti ukitarajia alipwe nayo. Na kama iPad unayopewa haiwezi kufutwa mbele yako hapo dukani, usiichukue hata wakipunguza bei mara tatu. Hiyo bei inashuka kwa sababu wao wanajua kitu ambacho wewe hujaambiwa.