Jicho la Ayala na Kipimo cha Uzima Wake

Tabibu wa wanyama aletewapo ayala mwenye jicho jekundu, naye hajapata kulijua jicho zima la mnyama huyo lilivyo, hana hoja ya kutosha ya kumhukumu, kwani kadiri iliyowekwa kwa mbwa au ng'ombe haimfai mnyama wa jamii nyingine. Kwa sababu hiyo wataalamu huwapima kwanza ayala walio wazima, wanyama hao wa Ulaya, Asia na Amerika waangushao pembe zao kila mwaka na kuotesha nyingine.

Machozi hupimwa kwa njia iliyobuniwa mwaka 1903 na tabibu Mjerumani, Otto Schirmer: ukanda wa karatasi inyonyayo maji, wenye upana wa milimita 5, huchomekwa ndani ya ukope wa chini, na baada ya dakika 1 hutazamwa umelowa milimita ngapi. Shinikizo la maji ya ndani ya jicho hupimwa kwa chombo kirushacho kijiti chepesi, kikaligusa jicho na kurudi. Na kadiri jicho lilivyo gumu ndivyo kirudivyo upesi. Kazi hii yataka subira na upole, maana ayala ni mwoga, na akibanwa shingo shinikizo hupanda, na dawa za kumlaza nazo huweza kulibadili. Hesabu isiyotaja kama mnyama alikuwa macho au amelazwa, kichwa kimeinuliwa au kimeinama, naiona haina thamani kubwa.

Ajabu iliyo kuu imo kwa ayala wa kaskazini ya mbali, aitwaye reindia. Mwaka 2013 Glen Jeffery wa London na Karl-Arne Stokkan wa Tromsø, Norwei, pamoja na wenzao, walieleza kwamba utando ung'aao nyuma ya jicho lake, ambao wakati wa kiangazi ni wa rangi ya dhahabu, hugeuka buluu katika majira ya giza, jua lisipochomoza kwa majuma mengi. Mboni hukaa wazi daima, na yamkini huziba njia ya maji kutoka; shinikizo hupanda, nyuzi za utando husongamana, na nuru hutawanyika ndani ya jicho badala ya kurudi nje moja kwa moja, hata mnyama akaweza kutambua mwanga hafifu mno. Basi tabibu akutaye shinikizo limepanda katika jicho la reindia mwezi wa Januari, na aulize kwanza jua limetoweka tangu lini, kabla hajaandika jina la maradhi.