Kujifunza Kinanda Ukubwani

Hapana mithali itajwayo mara nyingi mbele ya wazazi na walimu kama hii: Samaki mkunje angali mbichi. Nasi hatuikatai, kwa kuwa mtoto afundishwaye mapema hupata mengi. Lakini twaona ya kuwa watu wazima wengi wameifanya mithali hiyo kuwa mlango wa kujifungia nje. Mtu hutazama gitaa la mwanawe lililotundikwa ukutani, hutamani kuligusa, kisha husema, "Mimi nimekwisha kauka." Mwezi huu twataka kusema na mtu huyo.

Twamjua vema, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa hivyo. Miaka michache iliyopita, mpiga kinanda wetu hapa Wete alihama kwenda Unguja kutafuta kazi. Kinanda kikafunikwa kitambaa, na kuimba kwetu kukapoa. Wenye sauti za chini wakaanza kunyamaza, maana hawakuwa na kitu cha kuwashika. Tulikuwa na umri wa miaka 57, tukaona haya kujifunza mbele ya watoto ambao sisi ndio tuliowafundisha kusoma. Jioni moja mjukuu wetu wa miaka 11 alikifunua kinanda kile, akabonyeza sauti tatu kwa pamoja, akatuambia, "Babu, weka vidole hapa." Tukaweka. Ndivyo tulivyoanza.

Sasa tueleze alichotuonyesha. Walimu wengi wazijua sauti saba: do, re, mi, fa, so, la, ti. Njia hiyo ya kuandika nyimbo ilianzwa Uingereza na mwalimu Sarah Glover, ikatengenezwa na kuenezwa na John Curwen tangu miaka ya 1840, kisha ikafika Afrika pamoja na shule za misioni. Kwa njia hiyo hiyo Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni huko Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo tuimbayo hata leo katika wimbo wa Taifa letu.

Basi, ukichukua sauti moja, ukaruka ya pili, ukachukua ya tatu, ukaruka ya nne, ukachukua ya tano, kisha ukazipiga zote tatu pamoja, wapata kile ambacho wapiga gitaa hukiita kodi; wala si kodi ile ya serikali. Kodi ya kwanza ni do, mi, so. Hiyo ni nyumbani: wimbo huanza hapo mara nyingi, na hapo hupumzika. Ya nne ni fa, la, do. Hiyo ni kutoka uani kwenda kutembea. Ya tano ni so, ti, re. Hiyo haina raha mpaka irudi nyumbani, kwa kuwa ti i jirani sana na do na yataka kuingia kwake. Piga ya kwanza, ya nne, ya tano, kisha ya kwanza tena, nawe utasikia safari nzima: kuondoka, kufika mbali, na kurejea.

Kwa nini hizo tatu zatosha nyimbo nyingi? Hesabu sauti zilizomo: do, mi, so, fa, la, do, so, ti, re. Zote saba zimo, hapana hata moja iliyosahauliwa. Kwa hiyo kila sauti ya wimbo mwepesi ina kodi ya kuichukua. Imba polepole, na kila palipo na mkazo uliza: Je, sauti hii i katika kodi ipi? Ikiwa imo katika mbili, kama do ilivyo katika ya kwanza na ya nne, sikio lako ndilo litakaloamua.

Wala si lazima mkono urukeruke. Shika do, mi, so. Ukitaka kwenda ya nne, kidole cha do kisiondoke; mi ipande iwe fa, na so ipande iwe la. Ukitaka kwenda ya tano, kidole cha so kikae pale pale. Do ishuke iwe ti, na mi ishuke iwe re. Katika safari hizo mbili kidole kimoja hubaki, kama mtu ashukaye ngalawani: mguu mmoja huushika mbao hata wa pili upate nchi. Na mwenye gitaa aanze na kodi za A, D na E, kwa kuwa katika hizo zimo nyuzi zipigwazo wazi, na vidole havitaabiki sana.

Lakini asidhani mtu kwamba kodi ndizo muziki wote. Taarabu ya visiwa hivi hutembea kwa njia nyingine, njia ya maqamu za Kiarabu, na baadhi ya sauti zake hukaa katikati ya vibonyezo viwili vya kinanda. Udi na fidla huzifikia; kinanda cha kawaida hakiwezi. Ukimsikia mpiga zumari, usimhukumu kwa kipimo cha do, mi, so. Yeye ana elimu yake.

Je, umri? Tusidanganyane. Vidole vyetu havikupata wepesi wa vile vya mjukuu, na alichokishika kwa siku mbili sisi tulikishika kwa majuma mawili. Lakini mtu mzima naye ana akiba yake: nyimbo mamia amezihifadhi moyoni, na subira ameizoea. Wataalamu wa ubongo nao wameona ya kuwa ubongo wa mtu mzima hubadilika ajifunzapo kazi mpya ya mikono. Tena tumkumbuke Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akawa muuza vyungu. Aliingia mjini mwaka 1911, mtu mzima, na huko ndiko alikofunzwa kuimba pamoja na ala. Mwaka 1928 alisafiri hata Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri.

Na sisi Wapemba tunayo shule ya vidole ambayo hatuihesabu. Nani hapa hajaketi usiku kuchambua karafuu, akitenga makonyo, huku akizungumza wala hatazami mikono? Hapana aliyezaliwa akijua kazi ile. Vidole vilifunzwa kwa kurudia. Na kinanda ni vivyo hivyo. Dakika 15 kila siku zafaa kuliko saa mbili za Jumamosi peke yake. Bandu! bandu! huisha gogo.

Miezi sita ilipopita, tulipiga mbele ya watu wimbo mmoja wa kodi tatu, polepole mno. Tulikosea mara mbili, na watoto wakacheka. Lakini katika ubeti wa pili tulizisikia sauti za chini nyuma yetu zikirudi, kwanza moja, kisha nyingine.

Basi, ninyi wazazi, msione haya kufunzwa na watoto wenu. Mtoto amwonaye babaye akikosea na kurudia hupata somo lisiloandikwa ubaoni. Nanyi walimu, mkiwafundisha watoto kodi hizo tatu, mwacheni na mzee aliyesimama mlangoni aingie aketi. Na lile gitaa lililo ukutani, lishusheni leo, mlipanguse vumbi.