Samaki huyu ametoka wapi? Swali linalowahusu walaji wa Nakivale na Mbarara

Sangara wa Uganda anayesafirishwa kwenda Ulaya huondoka nchini na hati zinazoeleza alikosindikwa na ukaguzi aliofanyiwa. Samaki anayeuzwa kwa mafungu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, au katika masoko ya Mbarara, aghalabu hana karatasi yoyote. Tofauti hiyo inagusa afya ya mlaji, kipato cha mvuvi na uhai wa maziwa yenyewe.

Ufuatiliaji ni nini?

Kufuatilia asili ya samaki ni kuweza kujua alivuliwa katika maji gani, alishushwa mwalo gani na lini, na amepitia mikono ya nani. Sheria ya chakula ya Umoja wa Ulaya, ambayo masharti yake kuhusu jambo hili yalianza kutumika Januari 2005, inamtaka kila mfanyabiashara amjue aliyemuuzia bidhaa na mfanyabiashara aliyemuuzia yeye: hatua moja nyuma, hatua moja mbele. Kiwandani, shehena hupewa namba yake. Ikigundulika kasoro, shehena hiyo hutafutwa na kuondolewa sokoni bila kugusa nyingine.

Ununuzi wenye uwajibikaji huanzia hapo. Mnunuzi akishajua samaki alivyopatikana, anaweza kumkataa aliyevuliwa kwa sumu, kwa nyavu haramu au kabla ya kukomaa.

Funzo la mwaka 1999

Uganda ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1999 ilibainika kwamba baadhi ya watu walikuwa wakitumia sumu kuua samaki katika Ziwa Victoria. Uganda ilisimamisha mauzo yake ya nje, na Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake. Kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuaminika ya kumtenga samaki salama na asiye salama, adhabu iliwaangukia wote. Viwanda vilisitisha kazi, wafanyakazi wakakosa ajira na bei ya samaki mwaloni ikaporomoka. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

Soko hilo lilifunguliwa tena mwaka 2000, baada ya serikali kuimarisha ukaguzi katika mialo na viwanda.

Mnyororo hukatikia wapi?

Mageuzi hayo yalilenga zaidi samaki wa kuuzwa nje. Kwa samaki wa soko la ndani, kumbukumbu hupotea mapema. Mchuuzi hununua kutoka mitumbwi kadhaa, huchanganya samaki katika kapu moja, kisha humuuzia mchuuzi mwingine. Samaki akishakaushwa kwa moshi au kukatwa vipande, si rahisi hata kujua alikuwa na urefu gani. Hilo lina uzito, kwa sababu kanuni za Uganda zinakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya takriban sentimita 28, ili samaki apate nafasi ya kuzaa kabla ya kuvuliwa.

Ziwa moja, wategemezi wengi

Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, imewapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo ni makazi ya zaidi ya watu 100,000, wakiwamo Wakongo, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda. Ziwa Nakivale huwapa wao na wenyeji samaki kama sato, kambare na kamongo, na pia ni chanzo cha maji ya matumizi ya makazi hayo.

Ziwa hilo limo katika bonde la Mto Rwizi, unaopita katikati ya Mbarara kabla ya kufika kwenye maziwa ya eneo hilo. Taka zinazotupwa mtoni mjini, na udongo unaoporomoka kutoka kingo zilizolimwa, huelekea kule kule anakovuliwa samaki. Kwa hiyo kujua asili ya samaki ni pamoja na kujua hali ya maji alimokulia.

Nani abebe gharama?

Mwaka 2015 serikali ilisimamisha kamati za wavuvi zilizosimamia mialo, na mwaka 2017 ikapeleka wanajeshi kupambana na uvuvi haramu. Nyavu na mitumbwi mingi iliteketezwa, na wavuvi wadogo walilalamikia kupigwa na kupoteza riziki. Mtu aliyenyang'anywa wavu wake pekee hana sababu ya kueleza kwa uwazi alikovua, na bila maelezo yake hakuna ufuatiliaji. Mkimbizi asiye na mtaji wa mtumbwi wala wavu halali hujikuta katika hatari kubwa zaidi.

Hatua za kwanza si lazima ziwe ghali. Daftari la mwalo linaloonyesha tarehe, aina ya samaki, uzito na jina la mnunuzi linaweza kuhifadhi habari ambazo sasa hupotea. Mnunuzi naye anaweza kumuuliza mchuuzi samaki alitoka mwalo gani na siku gani, kuangalia kama mashavu yake bado ni mekundu na macho yake maangavu, na kuepuka samaki wachanga hata wakiuzwa kwa bei nafuu. Wateja wengi wakiuliza hivyo kila siku, mchuuzi naye atalazimika kumuuliza mvuvi.